Msiba Usio na Amri

Saigon, tarehe 7 Aprili 1926

Dada Khuê,

Salamu kwako, kwa Shemeji Lãm, na kwa mpwa wangu ambaye bado sijamwona. Mbele ya Baba naunganisha mikono na kuinamisha kichwa. Mimi mzima. Wali wa bwenini una mchanga, na mchuzi wa samaki wa huku ni maji ya chumvi tu, ila tunakula. Mtoto ameota jino? Viwavi wa hariri wa mwaka huu wanakula vizuri?

Sasa nikueleze jambo. Jumapili tumemzika yule mzee wa mkoa wetu, yule aliyefungwa kisiwani zamani, akaishi Ufaransa miaka mingi, akarudi mwaka jana kifua kimeshaoza. Umesikia habari zake, najua. Baba alikuwa akimtaja zamani, halafu akaacha.

Dada, sijui niandikeje. Nilitoka bwenini alfajiri nikidhani tutakuwa kundi la wanafunzi tu. Nikakuta barabara imejaa kutoka ukuta hadi ukuta. Wapagazi wa bandarini, wauza supu, mabibi wa meno yaliyopakwa weusi, makarani wa tai, watawa, wavuta riksho walioziacha riksho zao kando. Na kimya! Umati wote ule, nikasikia mtoto mmoja akikohoa ng'ambo ya barabara. Hakuna askari aliyetupanga. Tulijipanga wenyewe, mtu akimpisha mtu asiyemjua.

Palikuwa na mwanamke anagawa vitambaa vyeupe vya msiba, kavitandaza kwenye ungo kama anayeuza mboga. Akaniangalia. "Na wewe, mwanangu, umefiwa?"

Nikamjibu, "Nimefiwa."

Akanifunga kichwani kwa mikono yake. Nilikikumbuka kile nilichofunga kwa ajili ya Mama. Uzito ulikuwa uleule, Dada. Nilitembea mpaka makaburini nikiwa sigusi ardhi.

Mdogo wako,
Thuyên

Nilisahau. Hiyo sehemu ya kitambaa, usimsomee Baba.


Bãi Dâu, siku ya kumi, mwezi wa tatu, mwaka wa Chui-milia

Mdogo wangu Thuyên,

Huku hatujambo. Mtoto ana jino moja na ameshanitoa damu nalo. Jina lake la nyumbani ni Nhộng, yaani buu la hariri, ili mashetani wakipita waone si kitu, waende zao. Shemeji yako anasema jina limemkaa kweli, maana mtoto ni mweupe, mnene, na kazi yake kujinyonganyonga tu. Viwavi wamelala usingizi wa tatu wa kujivua ngozi. Majani ya mforsadi yapo ya kutosha, shukrani kwa mvua.

Sasa wewe kijana, una akili au huna? Onyo linawekwa juu ya barua, haliwekwi mkiani!

Unajua mimi nasoma kama ulivyonifundisha, kidole juu ya neno na sauti juu, bila hivyo maneno hayaingii. Barua ilifika tukiwa tunakula. Nikasoma. Baba alikuwa amefumba macho anasikiliza. Nilipofika kwenye wavuta riksho na kile kimya, nikaona midomo yake inatetemeka, nikafurahi, nikasema leo mdogo wangu Thuyên amempa Baba raha. Nikaendelea na sauti kubwa zaidi. Nikasoma ungo. Nikasoma yule mwanamke. Nikasoma "nimefiwa".

Baba akafumbua macho. Akaniuliza taratibu, "Mimi nimekufa lini?"

Lãm alikuwa na wali mdomoni, hata kutafuna aliacha.

"Mwana anafunga kitambaa cheupe, baba yake yuko hai, anakula. Basi nimekufa, sikuambiwa." Akachukua vijiti vyake, akavichomeka wima katikati ya wali wake, kama tunavyofanya kwenye bakuli la marehemu. "Haya. Mlisheni marehemu."

Akatoka nje. Mdogo wangu, nilivitazama vile vijiti viwili vimesimama, nikaogopa hata kuvigusa. Ni Nhộng aliyenyoosha mkono kuvikamata, ndipo nikavichomoa.

Tangu siku hiyo jina lako halitajwi humu ndani. Mwandikie Baba umwombe radhi. Maneno machache tu. Na shule je, wamesemaje?

Dada yako,
Khuê


Saigon, tarehe 2 Juni 1926

Dada Khuê,

Salamu nyingi. Nimecheka kuhusu jino, halafu sikucheka tena. Samahani kwa penseli, wino umeniishia. Nimehama bweni, barua zangu zipitishe kwa fundi saa aliye karibu na soko, jina lake nimeliandika nyuma ya bahasha.

Umeuliza habari za shule. Shule ipo.

Nimejaribu kumwandikia Baba, nikachana. Nitamwomba radhi kwa kumuumiza, hilo nitaliomba hata kwa magoti. Lakini akisema niombe radhi kwa kukifunga, nitakuwa naongopa. Wapo wengine walionitaka niandike vilevile, na karatasi wakaniwekea mbele.

Dada, nielewe. Baba alitufundisha kwamba nchi ni nyumba, mfalme ndiye baba mwenye nyumba, sisi ni watoto, na mtoto haulizi. Yule mzee alisema hapana. Alisema nchi ni watu wenyewe, na mtu asiyeruhusiwa kuuliza si mtoto, ni mfungwa. Alisema Wafaransa hawakutukuta tukiwa huru. Walitukuta tumeshazoea kuinama, wao wakabadilisha tu wa kuinamiwa. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba wakiondoka wao tu tutakuwa huru. Uhuru lazima mtu aanze kuuzoea kama mtoto anavyozoea kusimama.

Niliyasikia hayo mwaka jana, nimesimama mlangoni kwa kukosa nafasi. Sauti yake ilikuwa ndogo, anakohoa kila baada ya maneno machache. Watu wakawa wanasubiri akohoe amalize. Hakuna aliyeondoka.

Mbusu Nhộng.

Thuyên


Bãi Dâu, siku ya ishirini, mwezi wa tano

Mdogo wangu,

Salamu. Hariri ya kwanza imeuzwa. Nhộng sasa anatambaa, na jana nilimkuta ndani ya ungo wa viwavi anakula majani, wenzake wanamshangaa. Baba ana kikohozi kidogo, si cha kukutia wasiwasi.

"Shule ipo." Unamjibu nani hivyo? Mimi ndiye niliyekufuta makamasi. Siulizi tena, lakini ujue nimeona.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, nikiwa peke yangu chumba cha viwavi, kwa sauti, viwavi wananisikiliza. Nilimweleza Lãm ule mfano wa mtoto kuzoea kusimama. Akasema, "Vizuri. Huo uhuru ukifika, uanzie kwenye kodi yangu ya kichwa, mengine tutazoea polepole." Unamjua shemeji yako. Lakini baadaye nilimwona akimsimamisha Nhộng, anamwachia mikono, anamkamata, anamwachia tena.

Na mimi nimewaza jambo langu, usinicheke. Mfalme alipofariki mwaka jana, unakumbuka, amri ilitoka. Hakuna harusi, hakuna ngoma, watu wavae vyeupe. Baba ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba na ile karatasi kwa kuwa ndiye anayejua maandishi ya kale. Nilikuwa na mimba ya Nhộng, nilisimama mlangoni nikamsikia anasoma. Watu wakainama, wakasema ndiyo, wakarudi kupepeta mpunga. Bi Thoàn, yule anayeuza mchuzi wa samaki, alimuuliza, "Mwalimu, tulie leo au hata kesho inafaa?" Baba akajifanya hakusikia.

Halafu huyu mzee wenu, hakuna karatasi, hakuna mbiu, wanaolia wanatishiwa. Na barabara ikajaa!

Nilisimama na jani la mforsadi mkononi, Thuyên, viwavi wananingoja. Nilikuwa nikidhani uhuru ni kitu kikubwa sana, cha wenye vyeti, kinakuja na meli. Kumbe yule mwanamke mwenye ungo alikuwa nao pale, anaugawa. Mtu anaulizwa "umefiwa?" na anajibu mwenyewe. Basi. Nimekosea?

Jambo la mwisho. Nimemuuliza Bi Thoàn kwa nini Baba aliacha kumtaja yule mzee. Akaangalia nyuma kwanza. Akasema mwaka uliozaliwa wewe, watu wa mkoa huu walipoandamana kwenda kwa mkuu kulalamikia kodi, walikata nywele wote, maana mawazo mapya yalisema kishungi cha nywele utosini ni cha watu waliolala. Baba alikata chake. Babu akasema nywele ni mwili aliokupa mama yako, umemkata mama yako. Hakula naye meza moja tena mpaka alipokufa. Siku ya mazishi ya Babu, Baba alianza kukifuga upya. Ndicho hiki alicho nacho.

Sijui nikifanye nini kisa hiki. Nakupa wewe.

Khuê


Saigon, tarehe 15 Oktoba 1926

Dada,

Nisamehe ukimya. Barua yako niliibeba mfukoni mpaka ikachakaa kwenye mikunjo. Wewe hujakosea. Wenzangu walioandika kurasa na kurasa, sijamsikia mmoja aliyesema hivyo. Nimewasomea ile ya ungo. Mmoja akauliza, "Dada yako kasoma wapi?" Nikasema, kwa viwavi.

Sasa ukweli. Shule ipo, mimi simo. Walitupa karatasi ya kukiri kosa, nikakataa kutia sahihi, nikafukuzwa mwezi uleule wa Aprili. Nabeba magunia kwenye kinu cha mpunga huku Chợ Lớn. Usiku tunakusanyika na wenzangu, tunasoma. Mgongo umezoea. Sikukwambia kwa sababu nilijua mliuza nini ili nisome.

Habari ya kishungi imeninyima usingizi. Miaka yote nilikitazama kile kishungi nikamwona Baba mtu wa zamani. Dada, niulizie kitu kimoja, na unijibu bila kunionea huruma. Nikija, nitafunguliwa mlango?

Kitambaa bado ninacho. Ungo ule, sauti ile, siwezi kukitupa.

Thuyên


Bãi Dâu, siku ya nane, mwezi wa kumi na moja

Mdogo wangu mpendwa,

Nimelia, nimemaliza, sasa naandika. Kula vizuri. Gunia libebe kwa bega la kulia, la kushoto uliwahi kulitegua utotoni.

Na mimi nikuambie ukweli wangu. Kikohozi cha Baba si kidogo. Tangu mwezi wa saba yuko kitandani, na mwezi wa tisa tulidhani tunampoteza. Sikukuandikia kwa sababu alinikataza, na kwa sababu niliogopa ungekuja ukakuta amekugeuzia uso, kisha akafa hivyohivyo. Ningeishije na hilo? Sasa anakaa, anakunywa uji, anagomba. Akigomba najua anapona.

Swali lako nilimpelekea, kwa mzunguko. Nilimwambia, "Baba, mtu akitaka kuja kukuangalia, aje?"

Nhộng alikuwa amesimama ameshika kitanda chake. Baba akamtazama, akasema, "Kile kitambaa bado anacho?"

Nikasema ndiyo.

"Akilete. Hapana, asikilete yeye. Kwanza kije kitambaa."

Nikauliza cha nini. Akageukia ukutani.

Thuyên, sikushauri. Unajua msiba ukiisha kitambaa kinachomwa, na jiko letu liko hatua chache kutoka kitandani kwake. Lãm anasema atakichoma, na akishakichoma hasira itaisha, utarudi, kwa hiyo leta. Mimi najua ni kitu gani unaombwa. Ukikataa sitakulaumu. Nitamwambia Baba kilipotea.

Dada yako


Saigon, tarehe 20 Januari 1927

Dada Khuê,

Usimwambie kilipotea. Hiki hapa, kimo ndani ya bahasha.

Nimekaa nacho usiku mzima. Nikajiambia, hakuna aliyeniamuru kukifunga, na sasa Baba hakuniamuru, ameomba. Maishani mwangu sijawahi kumsikia Baba akiomba kitu. Akikichoma, basi mwangalie uso wake wakati kinaungua, kisha unieleze.

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote.

Thuyên


Bãi Dâu, siku ya kumi na mbili, mwezi wa pili, mwaka wa Paka

Mdogo wangu Thuyên,

Sote wazima. Nhộng anatembea. Alianza siku ya tatu ya mwaka mpya, kutoka kwenye magoti ya Lãm hadi kitandani kwa Baba, hakuna aliyemwita. Mikate ya wali ya mwaka mpya niliipika mingi, yako niliikausha nikidhani huenda ukaja. Mayai ya viwavi yameanza kuanguliwa.

Najua unaruka mistari kutafuta habari ya kitambaa. Tulia, usome kidole juu ya neno kama mimi.

Kilifika kabla ya mwaka mpya. Baba alikipokea na bahasha yake, akakiweka chini ya mto bila kukifungua. Kila nilipowasha jiko, niliutazama ule mto. Hakusema chochote mpaka jana, siku ya kumi na moja. Mimi nilikuwa nimesahau kwamba ndiyo siku aliyofariki yule mzee, mwaka umetimia. Yeye hakusahau. Asubuhi akanawa, akavaa kanzu yake nyeusi iliyokunjwa tangu augue, akaniambia, "Pika wali. Chemsha yai la bata. Leta na jiko la mkaa hapa."

Nikaleta. Lãm alichuchumaa na kipepeo, anapepea makaa kwa bidii, uso umemkunjamana kama yeye ndiye anayechomwa.

Baba akamtazama. "Unachoma kasri la mfalme? Moto ni wa chai."

Kisha akakitoa. Akakinusa. "Kina jasho." Akakinyoosha juu ya goti. "Na aliyekikata hajui kukata." Halafu akaniuliza, bila kuinua macho, "Nani alimwamuru akifunge?"

"Hakuna, Baba."

"Aliahidiwa nini?"

Mdogo wangu, nisamehe, nilisema yote. Nilimwambia, "Kafukuzwa shule, Baba. Mwaka mzima sasa. Walimpa karatasi atie sahihi, akakataa. Anabeba magunia kwenye kinu."

Chai ilichemka, ikamwagikia makaa, hakuna aliyeinuka. Baba alikuwa ameshika kitambaa kwa mikono miwili. Akasema, na si kwa kunijibu mimi, "Nilipita milango yote ya kijiji hiki na amri ya kulia. Nikasoma kwa sauti yangu nzuri kabisa. Hata mbwa hakulia. Usiku ule nilijiuliza, basi watu wa nchi hii wameshakufa mioyo? Kumbe machozi walikuwa wanayaweka."

Akashika ncha moja. Nikafumba macho. Nikasikia kitambaa kinachanika.

Nilipofumbua, jiko lilikuwa palepale na chai yake. Baba alikuwa amekichana kwa urefu, nusu iko gotini, nusu anaifunga kichwani mwake, chini ya kishungi, mikono inahangaika kwa nyuma. Lãm akaenda kumsaidia fundo.

"Yeye ndiye mtoto wa yule mzee peke yake?" akasema Baba, kwa sauti ya kugomba. "Maneno ya yule mtu mimi niliyasikia kwa masikio haya, huyo mdogo wako hajazaliwa! Nilikata nywele kwa ajili yake. Halafu mtoto wa juzi anakwenda kumzika bila mimi."

Thuyên, hasira yote ile ya mwaka mzima. Ndiyo hiyo.

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nimembeba Nhộng ubavuni, nikasema, "Na mimi je, Baba?"

"Wewe umemjua wapi?"

"Kwenye barua. Niliisoma mwenyewe."

Akanitazama muda mrefu, kama mtu anayemwona mgeni mlangoni na kugundua ni wa nyumbani. Halafu akaichukua ile nusu iliyobaki, akaichana mara ya pili. Akanifunga kwa mikono yake. Ni kweli ulivyosema kuhusu uzito. Ni uzi tu, Nhộng anaweza kuung'oa kwa kidole, na alijaribu, lakini nilisimama pale nikahisi watu wote wale wa barabarani wako nyuma yangu, kimya, wananipisha nafasi.

Kipande chako kimo humu ndani. Ni chembamba kuliko ulivyokileta, usishangae.

Nilipomuuliza Baba nikuandikie nini, alisema, "Mwambie akija asivae viatu vya kelele, kichwa kinaniuma." Ni hayo tu. Lakini wali ulipoiva aliniagiza niweke mabakuli, na nilipoweka la yule mzee mezani pa marehemu, na yetu mkekani, akanyoosha kidole: bado moja. Nikaliweka. Vijiti akavipanga mwenyewe. Hakuvichomeka, mdogo wangu. Alivilaza ubavuni mwa bakuli, sambamba, kama vya mtu aliye hai ambaye amechelewa kidogo njiani.

Dada yako,
Khuê